Somo la 17: Mavazi ya Ibada na Mali ya Eklezia



Juma lililopita tulieleza vyombo vya altare na matumizi yake. Leo tulikusudia kueleza mavazi ya ibada tu, jina la kila vazi na maana yake, kisha tufunge somo. Lakini tumepokea barua ya mkatekista mmoja wa kijijini, nayo imetulazimisha kwenda mbali kuliko tulivyokusudia. Basi tusikilize vema, maana swali lake ni la wengi.

1. Barua ya mkatekista

Mkatekista huyo anatuandikia kwamba parokia yake ilifanya jubile. Kila jumuiya hai iliwekewa mchango wake. Mjane mmoja wa jumuiya yake hakuwa na fedha. Alimwuza kuku wake wa pekee, akatoa bei yote. Siku ya sikukuu alianza safari alfajiri ili awahi Misa. Alipofika, viti vyote vya mbele vilikuwa vimewekewa wakubwa na wageni, na mahali palipobaki palikuwa pamejaa. Alisimama nje juani, pamoja na watoto. Kutoka mlangoni aliyaona maandamano yakipita: msalaba, mishumaa, ubani, mapadri wengi wenye kasula mpya zilizoshonwa kwa ajili ya siku ile moja tu, na mitra iliyong'aa kwa nyuzi za dhahabu. Jioni aliporudi nyumbani alimkuta mjukuu wake amefukuzwa shuleni kwa sababu ya malipo. Ndipo akamwendea mkatekista akamwuliza: "Baba mkatekista, kuku wangu alitakiwa na Mungu, au alitakiwa na watu?"

Mkatekista hakujua la kujibu. Tena jirani yake, ambaye ameiacha Eklezia na kuingia katika kundi jingine, alimcheka akisema kwamba Yezu hakuvaa dhahabu kamwe.

Ndugu wapenzi, swali hili tusilijibu kwa haraka. Anayejibu upesi kwamba yote ni kwa utukufu wa Mungu, huyo amemziba mjane mdomo. Na anayejibu upesi kwamba vyote viuzwe, huyo hajajiuliza kwa nini mama yule alitembea tangu alfajiri. Hakutembea ili akatazame nguo; alitembea kwa sababu alijua ya kuwa pale kuna kitu kikubwa kuliko umaskini wake. Kwa hiyo tuchukue njia ndefu kidogo, tuanze na Maandiko Matakatifu.

2. Mungu alimwagiza Musa

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 28, Mungu anamwagiza Musa amtengenezee Haruni, kuhani mkuu, mavazi ya utukufu na uzuri. Mavazi hayo yalifumwa kwa nyuzi za dhahabu, za samawi, za zambarau na nyekundu, pamoja na kitani safi. Katika pindo la joho palikuwa na njuga za dhahabu. Basi tuseme wazi: uzuri katika ibada si jambo lililobuniwa na watu wenye majivuno. Mtu anayempenda Mungu humtolea kilicho bora, kama vile sisi sote tunavyomtandikia mgeni mkeka mpya, tukaacha ule uliochakaa.

Lakini tuangalie jambo moja ambalo wengi hulipita. Kifuani pa kuhani mkuu palikuwa na kibati chenye mawe 12 ya thamani. Na juu ya kila jiwe palichorwa jina la kabila moja la Israeli. Kila alipoingia mahali patakatifu, Haruni aliyachukua majina ya watu wote juu ya moyo wake. Mawe yale hayakuwa pambo lake. Yalikuwa watu. Kuhani ambaye angevaa kibati na kuwasahau watu walioandikwa juu yake, angebeba mawe matupu. Tulikumbuke neno hili, tutalirudia.

3. Bwana wetu na mavazi

Bwana wetu Yezu Kristu alizaliwa katika zizi la wanyama, akavikwa nguo za kitoto na kulazwa horini. Aliishi kwa kazi ya mikono. Katika Evanjili ya Matayo, sura ya 23, anawakaripia waandishi na Mafarisayo wanaopanua hirizi zao za sala, na kurefusha pindo za nguo zao, na kupenda viti vya mbele. Hakuwakaripia kwa sababu ya nguo yenyewe, maana yeye pia alivaa vazi lenye pindo kama Wayahudi wenzake, na mgonjwa mmoja aliligusa pindo hilo akapona. Aliwakaripia kwa kuwa walivaa ili watazamwe.

Usiku wa Alhamisi Kuu, alipoweka sakramenti ya Ekaristi, Mtakatifu Yohane anatuambia kwamba alivua vazi lake la nje, akajifunga kitambaa kiunoni, akawaosha mitume miguu. Tunaweza kusema kwamba kitambaa kile ndicho vazi la kwanza la ibada katika Agano Jipya. Kila padri avaapo mavazi ya Misa, angefaa akumbuke kwamba chini ya kasula kuna kitambaa cha mtumishi.

Lakini tusikilize pia habari ya Betania. Mwanamke alimpaka Yezu marhamu ya nardo yenye thamani ya dinari 300, karibu mshahara wa kibarua kwa mwaka mzima. Yuda alinung'unika kwamba ingeuzwa, maskini wakapewa. Yezu alimtetea mwanamke. Baadhi ya watu huishika habari hii kama ngao. Kila anayewauliza habari ya fedha, humwita Yuda. Hilo si haki. Yohane anaeleza kosa la Yuda: hakuwahurumia maskini, bali alikuwa mwizi, naye ndiye aliyeushika mfuko. Kumbe shaka ya Evanjili haimwelekei mtu anayeuliza hesabu. Inamwelekea mtu anayeushika mfuko bila uaminifu. Tena Yezu yuleyule alimwambia kijana tajiri auze alivyo navyo na kuwapa maskini. Na aliposema kwamba maskini tunao siku zote, alilikumbusha neno la kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 15, ambalo linaendelea mara kwa amri ya kumfungulia maskini mkono.

4. Mavazi yetu yametoka wapi

Sasa tueleze mavazi yenyewe. Katika karne za kwanza maaskofu na mapadri hawakuwa na nguo za pekee. Walivaa nguo safi za watu wa Roma wa zamani zao. Alba ilikuwa kanzu ya kawaida. Kasula ilikuwa vazi la msafiri, la kumkinga na mvua na baridi. Baadaye watu wa mji walibadili mitindo yao, lakini Eklezia haikubadili. Na hivyo nguo ya kila siku ikawa nguo takatifu. Mwaka 428 Papa Selestini I aliwaandikia maaskofu wa Galia, yaani Ufaransa ya leo, akiwaonya kwamba wachungaji wapambanuliwe na watu kwa mafundisho na mwenendo wao, si kwa nguo. Naam, onyo hili lina umri wa miaka karibu 1600.

Leo kila vazi lina fundisho lake. Alba nyeupe yatukumbusha ubatizo. Nayo si ya padri peke yake, kwa maana kila mbatizwa alivikwa weupe huo. Mshipi ni alama ya usafi na utayari wa kazi. Stola ni alama ya daraja takatifu. Kasula huvaliwa juu ya vyote, kama vile upendo ulivyo juu ya fadhila zote. Rangi nazo hufundisha: nyeupe kwa furaha ya Noeli na Pasaka, nyekundu kwa Roho Mtakatifu na damu ya mashahidi, zambarau kwa toba, kijani kwa matumaini ya siku za kawaida.

Tena vazi la ibada lina kazi nyingine, nayo ni kumficha mtu. Mtoto wa mkulima na mtoto wa chifu, wakiwa wote wawili mapadri, wakisha kuvaa kasula hatuoni tena nani ni nani. Tunamwona mtumishi wa Kristu. Hiyo ndiyo heshima ya vazi. Lakini vazi linalosema, "Nitazameni mimi, hesabuni bei yangu," limefanya kinyume cha kazi yake. Wazee husema: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

5. Watakatifu na dhahabu

Watakatifu hawakuwa wote wa mawazo mamoja juu ya jambo hili, nasi hatutaki kuwaficheni.

Mwaka 258, katika mateso ya Kaisari Valeriano, mkuu wa mji wa Roma alimdai shemasi Laurenti hazina za Eklezia. Mapokeo yanasimulia kwamba Laurenti aliomba muda, akawakusanya maskini, vipofu, viwete na wajane, akamwonyesha mkuu yule kwamba hizo ndizo hazina. Aliuawa tarehe 10 Agosti mwaka huo.

Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, aliviyeyusha vyombo vya dhahabu vya altare ili awakomboe watu waliotekwa na Wagoti, karibu na mwaka 378. Adui zake walimshutumu kwamba ameharibu vitu vitakatifu. Yeye aliwajibu kwamba Eklezia haina dhahabu ili iitunze, bali iitumie kwa wenye shida, na kwamba ni heri kuviokoa vyombo vilivyo hai kuliko vile vya madini.

Mtakatifu Yohane Krisostomo, alipokuwa padri huko Antiokia, aliwafundisha Wakristu wasimheshimu Kristu kanisani kwa nguo za hariri huku wakimwacha nje akiteseka kwa baridi na uchi. Hakukataza mapambo, alitaka wamlishe kwanza mwenye njaa, kisha waipambe meza kwa kinachosalia. Alipokuwa askofu mkuu wa Konstantinopoli, tangu mwaka 398, alipunguza gharama za nyumba yake akajenga hospitali. Wakubwa walimchukia, alihamishwa kwa nguvu, akafa njiani katika uhamisho mwaka 407.

Katika karne ya 12, huko Ufaransa, abate Suger alilijenga upya kanisa la Saint-Denis, na sehemu yake ya altare ikabarikiwa mwaka 1144. Alilijaza dhahabu na mawe ya thamani. Sababu yake ilikuwa hii: ikiwa zamani vyombo vya dhahabu vilipokea damu ya wanyama, si zaidi sana Damu ya Kristu? Lakini Mtakatifu Bernardo, karibu na mwaka 1125, alikuwa amekwisha kuandika maneno makali, akilalamika kwamba kuta za kanisa zinang'aa huku maskini wake wakikosa nguo. Wote wawili walikuwa wamonaki, wote wawili walimpenda Mungu.

Basi tumfuate nani? Tumtazame Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Yeye alikuwa maskini kuliko maskini. Hata hivyo aliwasihi mapadri vikombe na vitambaa vya altare viwe safi na vya heshima, na Mwili wa Bwana uwekwe mahali pa thamani. Na paroko wa Ars, Mtakatifu Yohane Maria Vianney, aliyefariki mwaka 1859, alivaa kanzu yenye viraka, lakini alilinunulia kanisa lake mavazi mazuri ya ibada kutoka mji wa Lyon. Tena alianzisha nyumba ya kuwalea wasichana maskini, akawapa wenye njaa chakula chake mwenyewe. Hapo ndipo siri ilipo, wapendwa. Watakatifu hawa walikuwa wakarimu kwa altare na wakarimu kwa maskini. Nafsi zao peke yake ndizo walizozinyima. Shida inaanza pale utaratibu huu unapogeuzwa, mtu akajitajirisha na kusema kwamba amemtajirisha Mungu.

6. Eklezia ilivyojisahihisha

Eklezia ni Mama yetu, nayo haioni haya kujisahihisha. Zamani makardinali walivaa joho kubwa lenye mkia mrefu sana, hata mtumishi alihitajika kuubeba. Mwaka 1952 Papa Pio XII aliamuru mkia huo ufupishwe. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa fundisho lake juu ya liturjia, ukiwataka maaskofu watafute uzuri wa heshima kuliko gharama kubwa tu, katika sanaa na vilevile katika mavazi. Tena katika namba ya 32 uliagiza kwamba katika ibada watu binafsi au matabaka ya watu wasipewe upendeleo, ila heshima itokanayo na kazi ya liturjia, na daraja takatifu, na ile ambayo sheria za liturjia zinawapa viongozi wa serikali.

Papa Paulo VI alivikwa taji la mapapa tarehe 30 Juni 1963. Waamini wa Milano ndio waliomtengenezea. Tarehe 13 Novemba 1964, maaskofu wa dunia nzima wakimtazama, alishuka kutoka kitini pake akaliweka taji hilo juu ya altare ya Mtakatifu Petro, liwe sadaka kwa ajili ya maskini. Likapelekwa Marekani, na leo linatazamwa katika basilika ya Bikira Maria mjini Washington. Tangu siku ile hakuna Papa aliyevikwa taji tena.

Mwaka uliofuata, tarehe 16 Novemba 1965, maaskofu wapatao 40 walikusanyika katika makaburi ya kale ya Domitila, huko Roma, wakaweka ahadi. Waliahidi kuishi kama watu wa kawaida katika nyumba, chakula na usafiri; kuacha sura ya utajiri katika mavazi; kuacha alama za dhahabu na fedha; na kuwakabidhi walei wenye ujuzi utunzaji wa mali ya majimbo yao. Na juzijuzi tulimwona Papa Fransisko, aliyezikwa tarehe 26 Aprili 2025 katika sanduku moja la mbao, mahali pa yale matatu yaliyotumiwa kwa mapapa wa zamani. Juu ya kaburi lake limeandikwa jina lake tu.

7. Uzuri wa nchi yetu

Wengine hudhani kwamba maskini hawezi kuwa na ibada nzuri. Nchi yetu imejibu jambo hilo. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, wavulana na waalimu wao waliimba Misa kwa sauti na ngoma za wenyeji, wakisaidiwa na padri Guido Haazen, Mfransisko. Misa hiyo, iitwayo Missa Luba, imesikika duniani kote. Haikuwa na dhahabu hata chembe. Na tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilithibitisha Misale ya Roma kwa majimbo ya Zaire, kazi ambayo Kardinali Malula aliitumikia kwa miaka mingi. Kwa njia hiyo tumeruhusiwa kumchezea Mungu kuizunguka altare, kuwataja wahenga wetu wenye moyo mnyofu, na kuleta vipaji kwa wimbo na hatua za furaha. Fahari hii haiombi mchango wa lazima. Inaomba moyo, sauti na mazoezi.

Tarehe 1 Februari 2023 Papa Fransisko aliiadhimisha Misa kwa utaratibu huo katika uwanja wa ndege wa Ndolo, mjini Kinshasa, mbele ya watu zaidi ya milioni moja. Ilikuwa sikukuu kubwa, nasi tulifurahi, wala hatuoni aibu kwa furaha ile. Lakini mchana wa siku ileile aliwapokea watu walioteswa na vita vya mashariki, kutoka Butembo na Beni, Goma, Bunia, Bukavu na Uvira. Watu hao waliweka chini ya msalaba mapanga na visu, mfano wa silaha zilizowaua ndugu zao. Papa aliwasikiliza, akawabariki. Asubuhi mavazi ya Misa, mchana vidonda vya watu: siku ile moja ilitufundisha yote tunayotaka kusema leo. Sikukuu ambayo baada yake hakuna anayewasikiliza walioumia, ni kibati cha Haruni kisicho na majina.

8. Jibu letu kwa mjane

Sasa tumjibu mama yule, maana yeye ndiye aliyetufanya tuseme haya yote.

Mama, kuku wako Mungu amempokea. Yezu alikaa mbele ya sanduku la sadaka akamwona mjane akitia sarafu mbili ndogo, akasema ametoa kuliko matajiri. Kutoa ni moyo, si utajiri. Sadaka yako haikupotea, hata kama walioipokea hawakuitumia vema.

Lakini mama, hatutakuambia kwamba Mungu alitaka mjukuu wako akose shule. Sheria ya Eklezia, kanuni ya 1254, inasema kwamba mali ya Eklezia ni kwa ajili ya ibada, kwa riziki ya haki ya watumishi wake, na kwa kazi za utume na za mapendo, hasa kwa wahitaji. Parokia inayotimiza ibada na kusahau mapendo haijaitimiza sheria. Kanuni ya 282 inawataka mapadri waishi maisha ya kiasi, waepuke kila kinachonuka majivuno. Kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na baraza la uchumi, na waamini wamsaidie paroko humo. Kanuni ya 1287 inaagiza waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa, kwa taratibu za jimbo. Kuuliza hesabu kwa heshima si uasi. Ni haki ya mtoto katika nyumba ya Mama yake.

Na habari ya kusimama juani? Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, anawaonya Wakristu wanaompa kiti mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini asimame. Mahali pa mjane katika sikukuu ya parokia si nje. Ikiwa viti havitoshi, kijana mwenye nguvu asimame, mwenye cheo asogee, mama mzee akae. Katika jambo hili hatuna la kujitetea. Nasi mapadri tumekosa mara nyingi: tumepanga sikukuu tukiwafikiria wageni wetu kuliko watu wetu, tukadai michango bila kuuliza nani hana, tukahesabu idadi ya kasula tusihesabu watoto waliorudishwa kutoka shuleni. Tunaungama mbele ya Mungu na mbele yenu.

Na yule jirani aliyecheka, tusimkasirikie. Ni kweli kwamba Yezu hakuvaa dhahabu. Tumjibu kwamba nasi hatumvalii padri dhahabu. Tunaiheshimu meza ya Bwana. Lakini ataliamini jibu hilo siku atakapoona kwamba Wakristu walioipamba meza wanamjua pia mjane anayekaa karibu naye. Bila hilo, hata maelezo mazuri hayatamgeuza.

Tunawashauri viongozi wa parokia mambo manne. La kwanza: mchango wa sikukuu usiwe kodi, asiye na kitu alete maji, kuni au sauti yake, na asiandikwe kama mdeni. La pili: mavazi yashonwe kwa kitambaa imara na umbo zuri, yatumike miaka mingi, yasishonwe ya kuvaliwa siku moja. La tatu: kabla ya kila sikukuu kubwa, sehemu ya fedha itengwe kwa wahitaji wa parokia, na hesabu isomwe baadaye mbele ya wote. La nne: vitu vya kale na vya thamani visiuzwe ovyo, kwa kuwa ni urithi wa waliotutangulia, na kwa kuuzwa kwake sheria inadai ruhusa ya wakubwa wa Eklezia, lakini vilevile visiongezwe kwa mashindano na parokia jirani.

Maswali ya kukariri

Swali: Je, ni halali kumtolea Mungu vitu vizuri katika ibada?
Jibu: Ni halali na ni vema, kwa kuwa Mungu anastahili kilicho bora, na mwanamke wa Betania alisifiwa na Yezu.

Swali: Mavazi ya ibada ni kwa heshima ya nani?
Jibu: Ni kwa heshima ya Kristu anayetenda katika sakramenti, wala si kwa sifa ya mtu anayeyavaa.

Swali: Majina yaliyochorwa juu ya mawe ya Haruni yatufundisha nini?
Jibu: Yatufundisha kwamba mchungaji husimama mbele ya Mungu akiwachukua watu wake moyoni.

Swali: Mali ya Eklezia ni kwa matumizi gani?
Jibu: Ni kwa ibada, kwa riziki ya watumishi wa Eklezia, na kwa utume na mapendo, hasa kwa wahitaji.

Swali: Mkristu akiona fedha za parokia zinatumiwa vibaya, afanye nini?
Jibu: Asali, aseme ukweli kwa heshima mbele ya baraza na paroko wake, wala asiiache Eklezia.

Kusudi la juma

Juma hili kila jumuiya hai imtafute mtu mmoja aliyetoa sadaka yake naye mwenyewe hana kitu. Wamtembelee, wasiende mikono mitupu. Ikiwa ana mtoto aliyekosa malipo ya shule, washauriane jinsi ya kumrudisha darasani. Na wewe mkatekista uliyetuandikia, umwendee mama yule, umsomee somo hili polepole, kisha umpeleke kwa paroko wenu, mkamweleze pamoja yaliyotukia.

Tusali

Ee Bwana Yezu, uliyejifunga kitambaa ukawaosha mitume wako miguu, utuvike upendo kuliko mavazi yote. Uzipokee sadaka za maskini wako, utupe macho ya kuwaona wakiwa nje ya mlango, na miguu ya kwenda kuwaingiza. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.

Wapendwa wasikilizaji, juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza sakramenti ya daraja takatifu. Kaeni na amani ya Bwana.